Tinga Iliyokataa Kustaafu

Kwa Wakenya wengi wa rika langu, neno "tinga" lilitufikia kupitia siasa kabla halijatufikia kupitia shamba. Mwaka 1997 chama cha National Development Party kiliingia kwenye uchaguzi mkuu kikiwa na alama ya trekta, na mgombea wake wa urais, marehemu Raila Odinga, akabaki na jina hilo hadi mwisho. Mtu akisema "Tinga amesema" ndani ya matatu, hakuna aliyeuliza ni tinga gani. Ilikuwa alama ya kisawasawa kwa mwanasiasa: kitu kikubwa, chenye kelele, kinachopita pasipo na njia.

Tinga ninayotaka tuiongelee hapa ni nyingine. Ni ndogo. Ukisimama kando yake, bonneti inakufika kifuani. Ni Massey Ferguson 135, rangi nyekundu iliyopaushwa na jua, na injini yake ya silinda tatu ina nguvu ya farasi 45 hivi. Ile Vitz inayokuja kukuchukua ukiita teksi kwa simu ina farasi wengi kuliko hao. Trekta za aina hii zilianza kutoka kiwandani huko Coventry, Uingereza, mwishoni mwa 1964, majira yaleyale Kenya ilipokuwa ikigeuka jamhuri. Nenda leo Trans Nzoia, Uasin Gishu au Nyandarua kabla ya mvua ndefu, utazipata bado ziko shambani, zinavuta plau. Magari ya rika lake yaligeuzwa majiko na sufuria zamani.

Kwa nini hii bado inalima? Nimeuliza swali hilo vitabuni na nimeliuliza gereji, na majibu hayafanani. Vitabu vinakupa majina ya waliobuni. Gereji inakupa majina ya waliofungua na kufunga. Kiswahili chenyewe kilishaona kwamba hawa ni ndugu. Tuna neno moja, kutengeneza, kwa mtu wa kiwandani aliyeunda kitu na kwa fundi aliyekiamsha kilipokufa. Mashine inaundwa mara moja tu. Baada ya hapo inatengenezwa maisha yake yote, na hiyo nusu ya pili ya historia ndiyo haiandikwi.

Plau iliyokuwa ikiua

Tuanze na nusu ya kwanza, maana nayo ni tamu.

Mwaka 1917 Uingereza ilikuwa vitani na chakula kilikuwa haba. Trekta zilikuwa zimeanza kuingia mashambani, na mwaka huohuo Henry Ford alianza kuunda Fordson kwa wingi kule Marekani. Tatizo lilikuwa plau. Ilifungwa nyuma ya trekta kama mkokoteni, ikavutwa tu. Plau ikigonga mwamba au kisiki inakwama, lakini magurudumu ya nyuma hayajui hilo, yanaendelea kuzunguka. Basi pua ya trekta inainuka, inainuka, na mashine nzima inapinduka nyuma na kumlalia dereva. Watu walikufa hivyo, wengi.

Mwaka huo serikali ilimwomba Harry Ferguson azunguke Ireland akiwaonyesha wakulima namna ya kutumia trekta vizuri zaidi. Ferguson alizaliwa mwaka 1884 katika familia ya wakulima huko County Down. Alikuwa na gereji Belfast, na mwaka 1909 alikuwa ameruka kwa ndege aliyoiunda mwenyewe. Hakuzunguka peke yake. Alikuwa na fundi wake, Willie Sands, ambaye vitabu humtaja kwa mstari mmoja au miwili na kuendelea na safari. Walichokiona ni kwamba trekta na plau vilikuwa vitu viwili vinavyogombana, na dawa ilikuwa kuvifanya kitu kimoja.

Ilichukua miaka. Dawa yenyewe, ukiiona leo, unaweza kudhani ilikuwepo tangu dunia iumbwe: mikono mitatu nyuma ya trekta, miwili chini na mmoja juu katikati. Plau inaning'inia kwenye mikono hiyo. Udongo ukiipinga, plau inataka kubingirika kwenda mbele, na hapo inausukuma ule mkono wa juu dhidi ya trekta. Mkono unabana springi. Springi inaiambia pampu ya haidroliki kwamba kazi imekuwa ngumu, na pampu inainua plau kidogo tu, hadi mzigo upungue. Wakati huohuo uzito wa plau na wa udongo unahamia kwenye magurudumu ya nyuma, nayo yanashika ardhi vizuri zaidi. Ndiyo maana trekta nyepesi inaweza kulima kama nzito. Na ikigonga kisiki, msukumo wa ule mkono wa juu unaizuia pua isiinuke. Magurudumu yanateleza, dereva anakanyaga klachi, anashuka, anatukana kisiki. Yuko hai.

Trekta ya kwanza kuuzwa ikiwa na mfumo huo ilitoka mwaka 1936. Mwaka 1938 Ferguson alivuka bahari hadi kwa Henry Ford, akamwonyesha, wakapeana mkono. Hakukuwa na karatasi wala sahihi. Kutokana na mkono huo Ford aliuza trekta zaidi ya 300,000. Mzee alipoondoka, mjukuu wake hakuona sababu ya kuendelea na ahadi ambayo haikuandikwa popote, lakini mfumo waliendelea kuutumia. Ferguson alienda mahakamani mwaka 1948, na mwaka 1952 wakamalizana kwa dola milioni 9.25. Kama umewahi kufanya biashara na mtu wa familia kwa neno la mdomo, unaijua hadithi hii.

Wakati huo tayari alikuwa na trekta yake. Ilianza kuundwa mwaka 1946 Coventry, ndani ya kiwanda kilichokuwa kikiunda injini za ndege za vita. Iliitwa TE20, rangi ya kijivu, na kufikia 1956 zilikuwa zimetoka zaidi ya 517,000. Tarehe 4 Januari 1958 Edmund Hillary, yuleyule wa Everest, aliingia Ncha ya Kusini ya dunia akiendesha trekta za Ferguson zilizovishwa minyororo kwenye magurudumu. Kampuni ya Ferguson ilikuwa imeungana na Massey-Harris ya Kanada mwaka 1953, na kutoka kwa muungano huo ndipo lilipokuja jina tunalolijua.

Kitu kimoja kidogo ndicho kilinivutia kuliko Ncha ya Kusini. Trekta ya kijivu iliuzwa na spana yake. Spana hiyo ilitosha karibu kila nati uliyohitaji kugusa ili kufunga na kurekebisha plau, na ubavuni ilichongwa alama za inchi, ili uitumie pia kama rula. Aliyeichora spana hiyo alikuwa anamfikiria mtu aliye peke yake katikati ya shamba, mbali na gereji, mvua ikija.

Kule Kongwa

Wakati Coventry ikitoa trekta ndogo, serikali ya Uingereza ilikuwa na ndoto kubwa jirani yetu. Baada ya vita Waingereza hawakuwa na mafuta ya kupikia ya kutosha, na ikaamuliwa kwamba Tanganyika italima karanga. Mpango ulianza mwaka 1947, Kongwa ikiwa kituo cha kwanza. Walilenga zaidi ya ekari milioni 3. Trekta mpya hazikupatikana haraka, kwa hivyo walikusanya mitumba ya jeshi, nyingine kutoka Ufilipino. Vifaru vya vita aina ya Sherman vilivuliwa silaha na kugeuzwa trekta.

Unaweza kukisia kilichofuata. Mizizi ya vichaka vya Kongwa ilivunja vyuma. Udongo wake, ukishakauka, unakuwa kama saruji. Mashine zilikuwa za asili tofauti, kila moja na spea zake, na spea ziko ng'ambo ya bahari. Ndani ya mwaka wa kwanza sehemu kubwa ya trekta ilikuwa imelala. Mvua nayo haikuja kama ilivyotarajiwa. Mwanzoni mwa 1951 mpango ulifungwa baada ya kumeza karibu pauni milioni 36, pesa za enzi hizo.

Sisemi Kongwa ilianguka kwa sababu ya spana. Ilianguka kwa sababu nyingi, na ya kwanza ni kutowasikiliza Wagogo ambao walijua mvua yao na udongo wao. Lakini nikiisoma nikiwa nimetoka gereji, naona jambo jingine pia: mashine kubwa zililetwa mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa na uwezo wa kuzifungua na kuzifunga kwa wakati. Ukubwa wa mashine haukusaidia kitu.

Nani aliijua kwa ndani

Kwetu Kenya trekta iliingia kwenye ardhi iliyokuwa imechukuliwa. Amri ya mwaka 1939 ilithibitisha kisheria mipaka ya Nyanda za Juu za Wazungu, na ndani ya mipaka hiyo shamba lilikuwa la mzungu na trekta ilikuwa yake. Aliyeikalia kiti kutwa nzima alikuwa Mwafrika. Aliyelala chini yake akipakwa oili usoni, vilevile.

Kuanzia 1962 mashamba hayo yalianza kugawanywa. Mpango wa ekari milioni moja uliwapa ardhi takriban familia 35,000, kwa mikopo waliyotakiwa kulipa. Mengine yalinunuliwa na vyama vya ushirika na kampuni za ardhi, kisha yakakatwa vipande, kisha watoto wakarithi na kukata tena. Shamba lililolimwa na mtu mmoja likawa la watu mia. Trekta kubwa iliyozoea kwenda kilomita nzima bila kugeuka ikakosa pa kugeukia. Ile ndogo, MF 35 na baadaye 135, ikapata kazi ya maisha.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ana gereji katika senta moja njia ya Kitale. Alijifunza kazi miaka ya 1970 kwa mzee aliyekuwa spana boi kwenye shamba la mzungu. Hakukuwa na ada wala mshahara. Alilipwa chakula cha mchana, na ruhusa ya kutazama. Mwaka wa kwanza aliosha vyuma kwa dizeli. Wa pili akaruhusiwa kufunga nati, mzee akizikagua moja baada ya nyingine. Wa tatu aliachiwa injini.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu Kenya ambayo ililipa umaarufu neno "sekta isiyo rasmi". Mjomba hakuwahi kuisikia ripoti hiyo. Yeye anasema jua kali, na anasema kwa majivuno.

Miaka ya 1980 ilikuwa migumu. Kuingiza bidhaa kulihitaji leseni, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na pistoni ya trekta haikuwa juu kwenye orodha ya mtu yeyote Nairobi. Basi mafundi wakaunda. Gasketi ilikatwa kwenye karatasi ngumu iliyolowekwa oili, ikigongwa kwa nyundo ndogo pembeni mwa chuma mpaka mashimo yajichore yenyewe. Bushi ilichongwa kwa lethi kutoka shaba kuukuu. Trekta mbili zilizokufa zilizaa moja hai. Leseni za uagizaji zilipoondolewa mwaka 1993, spea zikaanza kumiminika, na hapa historia inacheka kidogo. Coventry ilikuwa imegawa michoro yake. TAFE ya India ilishaanza kuunda trekta za Massey Ferguson tangu miaka ya 1960, Millat ya Pakistan vilevile, nao waliendelea na injini zilezile na gia zilezile hata Uingereza ilipohamia mambo mengine. Kiwanda cha Coventry chenyewe, kilichotoa zaidi ya trekta milioni 3, kilisimama mwishoni mwa 2002. Trekta ilimzika mzazi wake. Leo Mjomba anapiga simu duka la spea Kirinyaga Road, kifurushi kinapanda basi la usiku, na asubuhi ringi za pistoni kutoka Asia ziko Kitale.

Kutapisha, na mengineyo

Nimekaa kwenye gereji hiyo likizo nyingi. Kitu cha kwanza unachofunzwa ni kusoma moshi. Moshi mweusi: dizeli ni nyingi kuliko hewa, angalia chujio la hewa, huenda limejaa vumbi. Wa bluu: injini inakula oili, ringi zimeisha. Mweupe usiokoma hata injini ikipata joto: dizeli haiungui sawasawa, au maji yameingia mahali pasipofaa. Mjomba huwa hajaweka kikombe chini na ameshajua leo ni kazi ya saa moja au ya wiki.

Kazi ya kawaida zaidi haina spea hata moja. Dereva ameacha tangi likauka, amejaza dizeli, sasa injini inazunguka haiwaki. Hewa imeingia kwenye mirija. Mjomba huita dawa yake kutapisha. Unalegeza skrubu juu ya chujio la dizeli, unapiga ule mkono mdogo wa pampu kwa kidole, povu linatoka, linatoka, mpaka dizeli itoke safi bila Bubujiko lolote. Unakaza. Unahamia kwenye pampu ya injekta, vivyo hivyo. Mwisho unalegeza mirija ya injekta, mtu anazungusha stata, dizeli inatema, unakaza haraka. Injini inakohoa mara mbili na kuamka. Madereva wengi wanajifanya hawajui, kwa sababu fundi akija wanapumzika.

Kazi ngumu ni haidroliki, yaani ule ubunifu wenyewe wa Ferguson. Pampu yake imezama katikati ya mwili wa trekta, ndani ya oili ileile ya gia. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na plau itaanza kuinuka kama mzee anayetoka kwenye kiti. Kuifikia unatoa kiti, unafungua boliti za kifuniko cha juu, na kifuniko hicho ni chuma kizito cha watu wawili na mnyororo. Ndani kuna springi, valvu na sili za mpira ambazo bei yake ni ya chapati chache. Zikichoka, trekta nzima haina maana.

Mara moja nilimwuliza kama kuna siri.

"Siri ya nini?" akasema. "Kila kitu kimefungwa na boliti. Kama mtu alikifunga, mtu atakifungua. Wewe tu usiharakishe, mpwa wangu, na usipoteze washa."

Foleni ya mvua

Sasa hebu twende shambani, maana trekta haitengenezwi ili ipendeze.

Kaskazini mwa Bonde la Ufa plau huanza Januari na Februari wakati udongo umekauka, ili magugu yafe na ardhi inywe mvua ya kwanza. Mbegu za mahindi zinataka kuwa chini mvua inapotulia. Ukichelewa wiki mbili tatu, mahindi yako yanaona jua pungufu, na gunia ulizotegemea kwa karo zinabaki hewani.

Wengi hawana trekta. Wanakodi kwa ekari, na hapo foleni ndiyo maisha. Mwenye ekari 20 barabarani analimiwa kwanza, kwa sababu dereva anaingia, anazungusha siku mbili, anaondoka na pesa nzima. Mama mwenye nusu ekari nyuma ya mto, ambaye atalipa nusu sasa na nusu baada ya mavuno, anaambiwa "kesho". Trekta kubwa haiendi kwake kabisa. Daraja ni la magogo, na ikifika haina pa kugeukia.

Ile 135 ya zamani inaenda. Mwenyewe ni jirani, dizeli inakubaliana na mfuko wake, na ikiharibika Mjomba yuko kilomita nne. Dereva anapima mstari wa kwanza kwa jicho, akilenga mti upande wa pili. Huo ndio mgumu, maana ukipinda wa kwanza yote itapinda. Kuanzia wa pili magurudumu ya kulia yanatembea ndani ya mfereji uliokwisha kulimwa, trekta imeinama kidogo kama mtu aliyebeba ndoo mkono mmoja. Udongo ukiwa mkavu sana, diski zinaparuza tu. Anashuka, anaufupisha ule mkono wa juu mizunguko miwili, plau inaelekeza pua chini na kuuma. Udongo ukiwa sawa, ekari moja inachukua saa moja na zaidi kidogo. Nusu ekari ya yule mama inakwisha kabla chai yake haijachemka vizuri.

Kwa hivyo nikisema trekta hii isife, sisemi kama mpenzi wa vitu vya kale. Ikifa, foleni inarefuka, na tunajua ni nani yuko mwisho wa foleni.

Taa ya chungwa

Miaka michache iliyopita mkulima mmoja wa kwetu alinunua trekta mpya kabisa kwa mkopo. Ni mashine nzuri, ina kabati lenye feni. Katikati ya msimu taa ya chungwa iliwaka mbele ya dereva na trekta ikakataa kwenda zaidi ya mwendo wa konokono. Mjomba alikuja, akafungua bonneti, akasikiliza. Injini ilikuwa nzima. Lakini kompyuta ilikuwa imeamua, na kompyuta ilimsikiliza mtu mmoja tu: fundi wa kampuni mwenye waya na programu, aliyekuwa kaunti nyingine akihudumia wengine. Walingoja siku tisa. Tatizo lilikuwa sensa. Mvua haikungoja.

Usidhani ni shida ya Afrika. Wakulima wa Marekani wamegombana na John Deere kwa miaka kuhusu programu za kurekebisha trekta walizonunua kwa pesa zao. Jimbo la Colorado lilipitisha sheria mwaka 2023 inayowapa wakulima haki ya kutengeneza mashine zao, ikaanza kufanya kazi Januari 2024. Januari 2025 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ikaishtaki kampuni hiyo.

Na hukohuko Marekani, fungua YouTube usiku mmoja utafute Wheel Horse. Ni trekta za bustani, ndogo kuliko hata zetu, za kampuni iliyoanza South Bend, Indiana, mwaka 1946. Utaona wazee wenye ndevu nyeupe wakikwangua kabureta iliyojaa kutu, wakibadilisha sili, kisha wakikusanyika shambani siku moja kulima pamoja na plau ya jembe moja, kwa raha tu. Nilimwonyesha Mjomba. Alitazama video tatu mfululizo bila kusema. Halafu akauliza, "Hawa wanalipwa na nani?" Nikamwambia hakuna, wanafanya kwa kupenda. Akatikisa kichwa, lakini akaomba nirudishe pale pa kabureta.

Tofauti ni hiyo: wao wanatengeneza ili wakumbuke, sisi ili tule. Lakini mikono inafanya jambo lilelile, na linawezekana kwa sababu ileile. Aliyeunda mashine hakuifunga mbele ya mwenye mashine.

Nisiwapambe mno hawa wazee wa chuma. Trekta nyingi za zamani hazina fremu ya kumkinga dereva zikipinduka kwenye mteremko, na mfumo wa Ferguson hauzuii kupinduka ubavuni. Ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine nyingine mara nyingi haina kifuniko, na imekula shati na mkono uliokuwa ndani ya shati. Plau ya diski yenyewe, ikirudia kina kilekile kila mwaka, hugandamiza udongo wa chini ukawa kama sakafu, na mizizi inagonga hapo na kurudi. Mashine mpya zimerekebisha mengi ya haya. Ninachotaka ni kwamba mtu akinunua mpya, kabla ya kuweka sahihi kwenye mkopo, aulize swali ambalo baba zetu hawakuhitaji kuuliza: hii ikizima, nani anaruhusiwa kuifungua, na anakaa wapi?

Kisha kuna swali la pili, ambalo ni letu wenyewe. Mjomba anakaribia miaka sabini. Watoto wake wako Nairobi na Doha. Gereji ina wanafunzi wawili, kijana mmoja na msichana mmoja aliyetoka chuo cha ufundi, na msichana ndiye anayesikia injini vizuri zaidi. Hawana kitabu. Vilivyopo ni vya Kiingereza, vimechakaa na vina kurasa zilizokosekana. Kwenye mlango wa kontena Mjomba ameandika kwa chaki namba anazoogopa kusahau: mpangilio wa kuwaka, 1-2-3, nafasi ya valvu injini ikiwa baridi, inchi 0.012. Mvua ikipiga upande huo anaandika upya.

Tangu mwaka jana ninayaandika kwenye daftari, kwa Kiswahili chake. Yeye anatuma sauti kwa simu jioni, mimi naandika, msichana yule anasoma na kunisahihisha, kwa sababu yeye ameshika chuma na mimi nimeshika kalamu. Tumefika kusoma moshi, kutapisha, kukata gasketi, kubadilisha klachi, na kupima mstari wa kwanza wa plau. Kurasa za pampu ya haidroliki bado ni tupu. Nimemkumbusha mara tatu. Anasema hiyo haielezeki kwa mdomo. Tungoje moja iharibike, nipande basi, nije nione.